Mwanafunzi Asiyepigiwa Kengele

Baada ya sala ya Alfajiri, Jumamosi moja ya mwezi wa Februari, tulifuatana na binti wa dada yetu pamoja na nduguye mdogo hadi kwenye hori ya Mida, karibu na Watamu. Binti huyu amemaliza kidato cha nne na sasa anangoja nafasi ya chuo. Kwa miezi hii hana kengele wala mwalimu wa zamu. Amejipangia siku yake mwenyewe: asubuhi hutazama ndege, kisha hujifunza kutengeneza kurasa za tovuti, na usiku huandika aliyoyapata. Sisi tuliosoma chuoni tulilelewa kuihofia ilimu isiyo na mwalimu. Basi tulitaka kuona kwa macho yetu kama masomo ya namna hii ni masomo kweli, au ni jina zuri la kukaa bure.

Maji yalikuwa yakijaa, na ndege wa pwani walisogezwa kutoka kwenye matope hadi karibu na mikoko tuliposimama. Alituonyesha ndege mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene. Akatueleza kwamba ndege huyu hazaliani kwetu. Huzaliana kwenye fukwe za Bahari ya Shamu, Oman na Ghuba, pande zile zile walikotoka manahodha wa majahazi ya kaskazi. Huko huchimba shimo mchangani, hutaga humo yai moja jeupe, na joto la mchanga humsaidia kuliatamia.

Kisha akatunyamazisha kwa ishara ya mkono. Ndege mmoja wa kijivu, ambaye bado ni mchanga, alikuwa akimfuata mkubwa hatua kwa hatua, akilia. Mkubwa akakamata kaa, akampa. Bahari yote ile wameshaivuka, na bado mzazi anamlisha mwanawe!

Binti akatazama saa, akaandika daftarini: tarehe, saa, hali ya maji, idadi ya ndege, na tendo aliloliona. Tulimwuliza kwa nini asingoje kuandika nyumbani kwa utulivu. Akajibu, “Mjomba, nisipoandika hapa hapa, nikifika nyumbani nitaandika ninayotamani kuwa nimeyaona.” Jawabu hilo lilitukumbusha wanavyuoni wa hadithi, walivyokuwa wakali juu ya nani alisikia nini, na kwa nani.

Wala si ajabu ndege kuwa mwalimu. Qur'ani imetusimulia habari ya kunguru aliyemfunza mwana wa Adam namna ya kumsitiri nduguye, na hudihudi aliyemletea Nabii Sulayman, amani iwe juu yake, habari za Saba.

Ilipofika saa tatu tulikuwa nyumbani, naye amefungua kipakatalishi kikuukuu alichoachiwa na kaka yake mkubwa. Lugha anayojifunza huitwa HTML. Asili yake ni kazi ya Muingereza Tim Berners-Lee, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi. Mwaka 1989 alitoa pendekezo la mtandao wa kurasa, na mwaka 1993 kituo hicho kikauachia umma bila ya malipo. Kwetu sisi ni mfano wa kisima kilichowekwa wakfu: hadi leo, ajaye na ndoo yake huteka.

Kanuni zake zina ukali wake. Kichwa cha habari hufunguliwa kwa alama na kufungwa kwa alama. Ukisahau kufunga, maandishi ya chini nayo hugeuka kuwa makubwa na mazito. Siku ile picha ya ndege wake ilionekana vyema kwenye kompyuta, lakini alipoupeleka ukurasa hewani ikatoweka. Alitafuta kosa kwa muda wa saa nzima. Kumbe jina la picha lilikuwa na herufi kubwa, naye katika ukurasa ameliandika kwa herufi ndogo. Tulicheka pamoja, maana chuoni tulifunzwa kwamba irabu moja ikihama, maana huhama nayo.

Lakini katika saa hiyo moja tuliona jambo lisilochekesha. Aliitwa akanunue chumvi. Aliitwa amshike mtoto wa jirani. Aliitwa atazame chungu. Aliitwa alete chai, kisha akaitwa alete maji. Mara tano, na mara mbili za mwisho mwitaji alikuwa ni sisi! Nduguye, aliyekuwa akicheza mpira uani, hakuitwa hata mara moja. Na kila aliporudi, binti alianza kusoma tena kutoka juu. Hakulalamika. Tungeweza kuingia darasani kumtoa mwanafunzi kwa ajili ya chumvi? Lakini aliye nyumbani, khasa akiwa binti, tunamhesabu kuwa hana kazi.

Baada ya Adhuhuri tulizungumza na dada yetu. Naye alikuwa na hoja yake: “Kaka, mimi namwona ameinamia kompyuta tu. Sijui lini anasoma na lini anacheza.” Ni neno la haki. Basi tukakubaliana mambo matatu. Binti ataandika ratiba na kuibandika kwenye mlango wa jikoni. Kuanzia saa tatu hadi saa sita hataitwa ila kwa dharura. Dukani atakwenda nduguye, na kazi za nyumba atazifanya binti kwa wakati wake. Na kila usiku baada ya Isha atamsomea mama yake aliyojifunza siku hiyo.

Usiku ule ule akaanza. Alipofika kwenye habari ya ndege mchanga, dada yetu, ambaye hajakanyaga hori kwa miaka, akauliza, “Na huyo ataacha lini kulishwa?”

“Sijui, mama. Itabidi niendelee kumtazama.”

“Basi Jumamosi ijayo nami nitakuja.”

Wazazi wenzetu, huyo ndiye mwalimu tuliyemhofia kuwa hayupo. Si lazima mama aijue HTML. Yatosha aulize, na angoje jawabu. Ajifunzaye peke yake asiachwe peke yake. Allah awape watoto wetu ilimu yenye manufaa, nasi atupe subira ya kutowakatiza. Amin.