KIPANYA CHANGU KILIVYOMTESA MKUTUBI

Hebu rusha kijiwe kiingie kwenye kikombe kilicho mbali. Kisha rusha kingine kwenye karai lililo karibu nawe. Si karai ni rahisi? Mwaka 1954, mwanasaikolojia Mmarekani, Paul Fitts, alipima jambo hilo akagundua kwamba muda wa mkono kufikia shabaha hutegemea umbali wake na upana wake. Kipanya cha kompyuta kilikuwa hakijabuniwa, lakini sheria ni ile ile.

Mimi niliijua kwa aibu. Muhula uliopita nilitengeneza programu ya kuandikisha vitabu vya maktaba yetu. Vitufe vyangu vilikuwa vidogo kama punje za mtama, tena "Hifadhi" na "Futa" nilivibananisha. Mzee mkutubi wetu mkono wake hutetemeka. Alikusudia kuhifadhi, akafuta. Kazi ya asubuhi nzima ikaenda na maji! Hakunigombeza. Alisema tu, "Kijana, hii umewatengenezea wenzako, si sisi." Lo! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Basi nikaanza upya. Vitufe nikavipanua, "Futa" nikaihamishia mbali, na mtu akikosea anabonyeza Ctrl pamoja na Z kurudisha alichofuta. Nilijifunza pia hila ya kompyuta za Macintosh za tangu 1984. Menyu yake iko kwenye ukingo wa juu kabisa wa skrini. Kishale kikifika ukingoni hakipiti, hata usukume kipanya kama mtu anayefukuza kuku, kwa hivyo si rahisi kupitiliza shabaha. Nami nikaibandika menyu yangu juu.

Shida kubwa ilikuwa kibodi. Kitufe cha Tab hukupeleka nafasi inayofuata, lakini changu kilirukaruka kama panzi: kutoka jina la kitabu hadi "Futa", ndipo kiende kwa jina la mwanafunzi. Kumbe kilifuata mpangilio niliounda vitu vile, siyo vile mtu anavyoandika! Nikakipanga kifuate daftari la maktaba, mstari kwa mstari. Nafasi uliyopo nikaizungushia rangi nzito, na Enter ikawa ndiyo kuhifadhi.

Juma lililofuata mzee aliandikisha vitabu 30 bila kugusa kipanya hata mara moja. Nilipomuuliza anaonaje, alivua miwani akasema maandishi bado ni madogo. Hayo ndiyo ninayoshughulikia sasa.