Mkaa, Mafuta na Kipande cha Sabuni

[Muziki wa kipindi, kisha unashuka]

Hiki ni kipindi chenu ninyi mlioko Nyarugusu, Nakivale, Lusenda na kambi nyingine. Leo tunafanya jaribio la sayansi. Usitafute maabara. Tafuta kipande cha mkaa uliopoa, mafuta ya kupikia kidogo, maji, sabuni na watoto watatu. Watoto ndio rahisi kupatikana.

Mtu mzima ausage mkaa uwe laini kama unga, mbali na watoto, ili vumbi lisiwaingie puani wala machoni. Kila mtoto apake matone mawili ya mafuta viganjani, kisha unga wa mkaa. Wasugue mpaka mikono iwe myeusi, hata chini ya kucha.

Sasa ngoja kidogo. Wa kwanza hatanawa. Wa pili atanawa kwa maji matupu. Wa tatu kwa maji na sabuni. Waulize: nani atatakata? Waache wabishane, hapo ndipo jaribio linaponoga. Nilipofanya na watoto wa majirani zetu, mmoja aliapa kwamba maji yakiwa mengi yanatosha. Tukammiminia kopo zima. Akasugua mpaka akachoka, mikono bado myeusi, na wenzake wakamcheka sana.

Wanaonawa wasugue huku wengine wakihesabu polepole hadi 20. Kisha tazameni kidole gumba, katikati ya vidole na kwenye kucha. Hata wa sabuni huwa anasahau hapo.

Kwa nini imekuwa hivyo? Maji na mafuta hayashikani. Maji yanateleza juu yake na kwenda zake. Sabuni ina chembe ndogo sana zenye ncha mbili: moja hushika mafuta, nyingine hushika maji. Ukisugua, mafuta yanakatika vipande vidogo, sabuni inavizunguka, na maji ya kusuuza yanavibeba pamoja na uchafu ulionasa humo. Ngozi yetu ina mafuta yake hata usipopaka kitu.

Mkaa si vijidudu, waelezeni watoto. Vijidudu vya kuhara na kipindupindu havionekani kwa macho, ndiyo maana tumeuweka mkaa badala yake. Sasa yule asiyenawa ampe mkono yule wa sabuni. Tazameni kiganja chake.

[Muziki mfupi]

Najua, mama, utaniuliza: na sabuni yenyewe iko wapi? Hata kwetu huisha kabla ya mgao mwingine. Basi itunze kwa saa zinazohitaji zaidi: ukitoka chooni, ukimaliza kumtawaza mtoto, kabla ya kupika, kula au kulisha. Itundike kwenye kipande cha wavu karibu na kibuyu chirizi ikauke, maana ikikaa kwenye maji inayeyuka bure. Ikikuishia kabisa, sugua kwa majivu yaliyopoa, halafu suuza vizuri. Mkiweza, rudieni jaribio kwa majivu, muone wenyewe.

Onyo moja: watoto wakinogewa watataka kupasua betri kuukuu au kuchanganya klorini ya maji na vitu vingine. Hapana. Hivyo vinaunguza ngozi na macho.

Maji meusi mwageni shimoni, mbali na bomba. Wiki ijayo njooni na chupa mbili tupu za plastiki.

[Muziki unapanda]