KRAS: Protini Iliyokosa pa Kushika

Kwa miaka 30 wataalamu wa saratani walimjua mkosaji, ila hawakuwa na pa kumkamatia. Jeni ya KRAS ilitambuliwa katika uvimbe wa binadamu mwaka 1982. Protini yake huiamuru seli igawanyike: huwaka ikishika molekuli ya GTP, huzima GTP hiyo ikikatwa na kuwa GDP. Jeni ikiharibika, protini hukawia kuzima, na seli huzaliana ovyo.

Dawa nyingi hufanya kazi kwa kujipenyeza ndani ya kishimo cha protini. KRAS ni laini kama gololi, na kishimo chake cha wazi kimekaliwa na GTP isiyobanduka kirahisi.

Kevan Shokat, mkemia wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, alikuwa mzoefu wa vishimo. Akiwa Princeton miaka ya 1990, alitanua kishimo cha protini za jamii ya kinasi ili molekuli aliyoiunda mwenyewe iingie humo tu, isiguse protini nyingine. Kwa KRAS ilimbidi atafute kishimo ambacho hakuna aliyekiona.

Alianzia kwenye kasoro iitwayo G12C. Hapo asidi amino ya 12, glisini, imebadilishwa kuwa sisteini, yenye salfa iliyo tayari kuungana na kemikali nyingine. KRAS ya seli yenye afya haina sisteini mahali hapo; badiliko lile lile linaloleta saratani ndilo linaloipa dawa pa kushika. Kikosi chake kilijaribu kemikali 480. Zilizonasa zilifunua kishimo kilichojificha, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013 katika jarida la Nature. Dawa ya namna hii huinasa KRAS ikiwa imezima, isiwake tena.

Mei 2021 Marekani iliidhinisha sotorasib, dawa ya kwanza dhidi ya KRAS, kwa saratani ya mapafu. Katika jaribio lililowezesha idhini hiyo, uvimbe ulinywea vya kutosha kwa takriban asilimia 37 ya wagonjwa, lakini kwa kawaida ugonjwa ulianza kusonga tena baada ya miezi kama 7, kwani seli hupata mabadiliko mapya na kuikwepa dawa. Tena G12D, kasoro iliyoenea katika saratani ya kongosho, haina sisteini. Ina asidi ya aspatiki, isiyounganika kwa wepesi huo. Huko wakemia walilazimika kubuni mbinu nyingine kabisa.