Njia ya Soda na Njia ya Whisky

Juma hili, ndugu msikilizaji, tutoke kidogo kwenye vumbi la Shinyanga na maduara ya Geita, twende thelujini.

Huko Ulaya wapo watu wanaolipa fedha nyingi ili wapandishwe mlimani kwa viti vinavyoning'inia kwenye waya, kisha wateremke kwa kuteleza juu ya theluji, wamefunga mbao ndefu miguuni. Anayetaka mteremko mgumu hutazama rangi ya vibao: buluu ni rahisi, nyekundu ni wastani, nyeusi ni ya wenye ujuzi. Lakini wazoefu hawaamini rangi peke yake. Nyeusi ya mlima huu yaweza kuwa nyekundu ya mlima ule, na buluu iliyoganda ikawa barafu asubuhi huvunja miguu ya watu.

Mchezo huo ulishafika hata kwetu. Mwaka 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König walifika kilele cha Kilimanjaro, wakateremka kwa mbao zao. Barafu iliyokuwapo wakati huo imekwisha kwa zaidi ya asilimia 80, na leo mwenye kutafuta ugumu Kilimanjaro huutafuta kwa miguu.

Kilimanjaro hakuna vibao vya rangi. Kuna majina ya utani. Njia ya Marangu, yenye vibanda vya kulala na mteremko wa taratibu, huitwa Coca-Cola. Ya Machame, ya mahema na kupanda na kushuka, huitwa Whisky. Mtu wa mjini akisikia hivyo, huchagua soda. Tena huchagua siku chache, kwa kuwa kila siku ina gharama yake.

Sasa tupige hesabu. Wataalamu wa tiba ya milimani hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Marangu unalala Mandara, kama mita 2,700. Kesho yake Horombo, mita 3,700. Keshokutwa Kibo, mita 4,700. Ni mita 1,000 kila siku, mara mbili ya ushauri. Usiku huohuo wa Kibo unaamshwa kupanda hadi mita 5,895, ambako hewa unayovuta ina nusu tu ya oksijeni ya pwani. Machame hukupandisha hadi Lava Tower, mita 4,600, kisha hukushusha Barranco ulale chini ya mita 4,000. Miguu huchoka zaidi, lakini mwili hupata nafasi ya kuzoea.

Jambo hili linatuhusu. Tangu 2002 mgodi wa GGM wa Geita umekuwa ukiendesha Kili Challenge, watu wakipanda mlima kuchangisha fedha za kupambana na UKIMWI, na vijana wetu wengi wanautamani mlima huo. Kijana aliyezoea kupiga moko duarani Nyarugusu kutwa nzima hujiona chuma. Nguvu za misuli hazizuii ugonjwa wa mwinuko. Mara nyingi mwenye nguvu ndiye anayekwenda mbio, akaumwa wa kwanza. Kichwa kuuma na kichefuchefu ni dalili ya kusimama hapo ulipo. Kupepesuka kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema umekaa tu, ni dalili ya kushuka, hata kama ni saa nane za usiku.

Wanaotaka ugumu wa kweli ipo Umbwe, fupi na yenye kupanda kwa nguvu, na juu yake Western Breach, ambako mawe huporomoka. Januari 2006 yaliwaua Wamarekani watatu, njia ikafungwa kwa muda. Huko sipendekezi mtu aende kwa sifa.

Kupanda bila mwongozaji hairuhusiwi. Basi kabla ya kulipa, mwulize: tutalala usiku mangapi, kila usiku mita ngapi, na nikianza kuumwa nani atanishusha huku wenzangu wakiendelea? Akikujibu kwa jina la njia tu, tafuta mwingine.