Mpira wa Kikapu kwa Watoto: Kazi ya Kocha wa Mtaani

Mafunzo ya mpira wa kikapu kwa watoto wa Kiseke, kata ya Manispaa ya Ilemela mkoani Mwanza, hayahitaji kuanza na uwanja kamili wa mita 28 kwa 15. Sakafu ngumu na mpira wa saizi inayofaa vinatosha. Saizi ndiyo hupuuzwa zaidi. Mpira namba 7 wa wanaume una uzito wa karibu gramu 600; mikononi mwa mtoto wa miaka tisa humfanya arushe kwa nguvu za mgongo, na kosa hilo humfuata hadi ukubwani. Kwa walio chini ya miaka 12 hutumika namba 5, na pete hushushwa kutoka mita 3.05 hadi 2.60.

Kocha mzuri hufundisha miguu kabla ya mikono: kusimama kwa mizani, kugeuka kwa mguu mmoja bila kukokota, kutua kwa magoti yaliyokunjwa. Kudundisha mpira na kupasi hufuata, tena kwa mikono yote miwili. Ushindi wa mapema si kipimo. Kumweka benchi mtoto mfupi ili timu ishinde ni kumnyima haki yake ya kujifunza.

Wakifika sekondari, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, UMISSETA, huwapa jukwaa. Na mchezaji kutoka Tanzania anaweza kufika mbali: Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili, na timu ya Memphis Grizzlies, katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya NBA ya Marekani mwaka 2009, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi hiyo.