Homa Haikiri Wala Haikani

Goma mtu akipatwa na homa, kichwa kikauma na viungo vikalegea, neno la kwanza kutajwa nyumbani ni palu, yaani malaria, la pili ni tifoidi. Mara nyingi wanaosema hivyo hawakosei, kwani malaria haikauki katika vituo vya afya vya Kivu Kaskazini. Lakini wapo ambao homa hiyohiyo huwazulia swali wasiloweza kulitamka mbele ya watu: mwanamke aliyebakwa alipokwenda kutafuta kuni, kijana ambaye kondomu ilimpasukia, muuguzi aliyejichoma sindano akiwa zamu ya usiku. Hao huuchunguza mwili kila kukicha, wakitafuta dalili za VVU. Wana haki ya kuuliza. Shida ni kwamba mwili hauwezi kuwajibu kwa njia hiyo.

Tuangalie kwanza kinachotokea ndani. Virusi vikishaingia, hukaa siku kadhaa karibu na pale vilipopitia, katika utando na tezi za jirani, kabla ya kuonekana kwenye damu. Kisha hufurika damuni na kuzaliana kwa kasi kubwa. Kinga ya mwili inapozinduka na kuanza kupambana, ndipo homa huja, aghalabu wiki mbili hadi nne baada ya tukio. Huweza kuandamana na koo kuwasha na kuuma, uchovu, maumivu ya misuli, tezi za shingoni na kwapani kuvimba, pengine vipele kifuani na vidonda mdomoni. Hali hiyo hudumu siku chache hadi wiki mbili hivi, halafu huondoka.

Kwa hiyo homa inayoanza kesho yake au keshokutwa haitokani na VVU vya tukio hilo. Bado ni mapema mno. Huenda ni malaria, huenda ni jeraha lililoingia vijidudu, na kichwa kinachogonga na usingizi unaokataa kuja huweza kuletwa na hofu yenyewe. Aliyeanza dawa za kuzuia VVU baada ya tukio naye anaweza kupata kichefuchefu na uchovu unaotokana na dawa, akadhani ndiyo maradhi yameanza.

Na homa ikija katika wiki hizo mbili hadi nne? Hapo tuna ushahidi kutoka kwa majirani zetu na kwingineko. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulifuatilia watu zaidi ya 2,000 waliokuwa katika hatari kubwa ya kuambukizwa, nchini Kenya, Uganda, Tanzania na Thailand. Walipimwa damu mara mbili kwa wiki, hivyo waliopata VVU waligunduliwa siku za mwanzo kabisa. Watu 50 walichunguzwa kwa karibu tangu hatua hiyo. Dalili zilikuwa chache kuliko ilivyodhaniwa: kwa wastani mtu alitaja dalili moja tu, tena katika ziara mbili tu. Nyingi zilijitokeza kabla kidogo ya virusi kufikia kilele damuni, au wakati wa kilele chenyewe, yaani kama siku 13 baada ya kuonekana kwa mara ya kwanza. Asiyeumwa chochote, basi, hana sababu ya kujipongeza.

Upande wa pili, watafiti nchini Uganda waliwapima watu wazima waliofika hospitali wakishukiwa kuwa na malaria. Kati ya kila 100, baina ya mmoja na watatu walikuwa na maambukizi mapya ya VVU. Takwimu hiyo yafaa kusomwa mara mbili. Idadi kubwa mno ya wenye homa hawakuwa na maambukizi mapya. Lakini wachache waliokuwa nayo wangeweza kurudi nyumbani na dawa za malaria bila yeyote kujua. Mwaka 2024 Goma iliongezewa utata mwingine pale ugonjwa wa mpox ulipofika katika kambi za wakimbizi wa ndani pembezoni mwa mji. Nao huleta homa, huvimbisha tezi na kutoa vipele.

Mtego mkubwa zaidi uko mwishoni mwa homa. Kwa kuwa huondoka yenyewe, chochote alichotumia mgonjwa katika siku hizo kitaonekana kimemponya: vidonge vya palu, antibiotiki, mitishamba, maombi. Atatulia. Kumbe ndizo wiki ambazo virusi vimejaa damuni kuliko wakati mwingine wowote wa miaka ya mwanzo, na uwezo wa kumwambukiza mwenza uko juu kabisa. Akipimwa katika siku hizo kwa kipimo cha haraka, kile cha tone la damu la kidoleni, jibu laweza kuwa hasi. Kipimo hicho hutafuta kingamwili, silaha ambazo mwili hutengeneza dhidi ya virusi, na huenda bado hazijatosha kuonekana. Homa imekwisha, kipimo ni hasi, na mtu anajihesabu salama bila kuwa salama.

Ndiyo maana tarehe ya tukio ni muhimu kuliko dalili. Hesabu ya kwanza ni saa 72. Ndani ya muda huo, na mapema ndiyo bora, mtu anaweza kuanza dawa za kinga za PEP, ambazo hunywewa kila siku kwa siku 28. Anayengoja kuona kama ataumwa ataiona homa, kama itakuja, wakati saa hizo zimepita zamani. Aliyechelewa pia asibaki nyumbani: kinga ya dharura dhidi ya mimba hutolewa hadi saa 120, na yako matibabu ya majeraha na ya maambukizi mengine, pamoja na mtu wa kumsikiliza.

Kwa Goma jambo hili si la nadharia. Mwaka 2023 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilihudumia zaidi ya watu 25,000 walionusurika ukatili wa kingono nchini Kongo, wengi wao Kivu Kaskazini. Januari 2025 vita viliingia mjini, uwanja wa ndege ukafungwa, na mwezi huohuo Marekani ikasitisha misaada iliyokuwa ikigharimia sehemu kubwa ya dawa. Vifurushi vya PEP vikaadimika. Penye uhaba wa namna hiyo, huenda mtu akalazimika kuulizia zaidi ya kituo kimoja, na siku moja ya kusubiri dalili ni siku iliyoibwa kwenye tatu alizo nazo.

Hesabu ya pili ni ya vipimo. Cha kwanza hufanywa siku ya kufika kituoni, kujua hali ilivyokuwa kabla ya tukio. Kingine huja baada ya wiki nne hadi sita, ambapo wengi walioambukizwa huonekana. Cha kufunga hesabu ni cha miezi mitatu. Kikiwa hasi, na hapakuwa na tukio jingine katikati, jibu hilo ni la kuaminika. Hadi hapo kondomu iendelee kutumika. Kikiwa chanya, huthibitishwa kwa vipimo vingine, na dawa za ARV huanzwa bila kukawia. Anayezinywa vizuri hadi virusi visionekane damuni hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana.

Na homa yenyewe? Itibiwe kama homa nyingine yoyote. Mwenye homa apimwe malaria siku hiyohiyo, hata kama moyo wake uko kwenye VVU, kwa sababu malaria kali inaweza kuua ndani ya siku chache. Akifika mbele ya muuguzi aitaje homa, kisha ataje siku na saa ya tukio. La kwanza litamwonyesha muuguzi cha kutibu leo. La pili litamwezesha kupanga dawa za kinga na tarehe za vipimo.