Kura na Maji Kupwa

Wahenga walinena kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii hutujia kinywani kila uchaguzi unapokwisha, pale tunapowalaumu ndugu zetu wa visiwa vya Lamu ambao hawakuonekana vituoni. Huitwa wavivu, huitwa watu wasioijali nchi yao. Mimi mwenyewe nilipata kuitoa lawama hiyo mbele ya wanafunzi wangu, hadi bahari iliponikanya.

Tarehe 8 Agosti 2017 nilikuwa nikifanya kazi mjini Lamu, ilhali jina langu lilikuwa katika daftari la wapiga kura la Faza, kisiwani Pate. Tulikusudia kung'oa nanga alfajiri, abiria ishirini na wawili, lakini tukangojeana hadi saa mbili. Njia yetu ilikuwa Mkanda, mlango mwembamba wa maji baina ya Manda na bara, usioruhusu chombo kupita ila maji yajaapo. Usiku uliotangulia mwezi ulikuwa mpevu, na kila mtoto wa pwani ajua kwamba mwezi mpevu huleta bamvua: maji hujaa sana alfajiri na alasiri, yakapwa sana kabla ya adhuhuri. Tulilijua hilo, tukajidanganya kuwa tutawahi. Haukupita muda tukapwelewa, mashua imelala ubavu, mikoko imetuzunguka.

Katika tope lile niliisikiliza siasa ya kwetu. Hakuna aliyetaja ilani ya chama. Walitaja nani alifika mazikoni, nani amezaliana na nani, nani aliahidi gati akasahau. Wala hili si ajabu. Ugavana wa Lamu ulipatikana kwa tiketi ya UDF mwaka 2013, ya Jubilee mwaka 2017, na ya ANC mwaka 2022. Bwana Issa Timamy alishinda mara mbili, kila mara kwa chama kingine. Kwetu chama ni chombo cha kuvukia tu. Anayetazamwa ni nahodha.

Kijana mmoja alisema, "Mwalimu, kura yangu moja itabadili nini?" Sikuwa na jibu la kumtosheleza.

Maji yalirudi mchana. Sisi wa Faza tuliwahi foleni kabla ya saa kumi na moja jioni. Wenzetu waliokuwa wakiendelea Ndau, na kijana yule miongoni mwao, walikuta vituo vimefungwa. Matokeo yalipotangazwa, Bwana Fahim Twaha alikuwa amemshinda Bwana Timamy kwa kura zisizotimia mia mbili. Ndipo nilipolipata jibu, nami nimechelewa: mashua chache kama ile yetu zingetosha kuamua ni nani ataongoza kaunti nzima.

Ndugu msomaji, tazama pia majira. Chaguzi kuu za 1992, 1997, 2002 na 2007 zilifanyika Desemba, wakati wa kaskazi, bahari ikiwa tulivu lakini wavuvi wengi wako dago, mbali na vituo vyao. Katiba ya 2010 iliweka uchaguzi Jumanne ya pili ya Agosti. Huo ni wakati wa kusi: mvuvi yu karibu na nyumbani, lakini mawimbi ni makali na safari baina ya visiwa ni ya hatari. Kalenda ya taifa haikuwahi kumuuliza mtu wa kisiwani.

Sisemi tarehe ibadilishwe kwa ajili yetu. Nasema vituo viwekwe mahali ambapo watu wanaishi na kufanya kazi, na ratiba ya maji itangazwe pamoja na ratiba ya kura. Nasi tujihamishie majina yetu mapema, badala ya kuitegemea mashua ya siku ile ile.

Walimu wenzangu, wapeni wanafunzi hesabu hii. Uchaguzi ujao umepangwa tarehe 10 Agosti 2027. Jua litapatwa tarehe 2 mwezi huo, yaani mwezi mwandamo utakuwa unaanza. Je, siku ya kura itakuwa bamvua au maji mafu? Nani aondoke saa ngapi? Mwanafunzi atakayeikokotoa atakuwa amejifunza jiografia na uraia kwa pamoja, na huenda akamwamsha babake mapema.